Barua ya wazi kwa wakuu wa kiwanda cha vitambaa: tuonyesheni hesabu ya hilo daraja la kwanza

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Meneja Uzalishaji na Mkuu wa Idara ya Ubora,

Waheshimiwa,

YAH: MAJORA YENYE MUHURI WA DARAJA LA KWANZA YASIYO NA KARATASI YA UKAGUZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Lalamiko hili si geni kwenu. Tumeandika barua pepe, tumepiga simu, tumetuma picha, tumetuma hata vipande vyenyewe vya kitambaa vikiwa vimezungushiwa chaki penye kasoro. Jibu limekuwa lile lile: "Mzigo ulipita ukaguzi." Ulipita kwa mfumo upi, kwa pointi ngapi, nani aliutazama, hakuna aliyetuambia. Ndiyo maana tunaandika hadharani, kwa heshima ile ile tuliyoanza nayo, ili na wenzetu wanaonunua kwenu wajue la kuulizia.

Mimi ni msimamizi wa chumba cha kukatia. Kazi yangu inaanzia pale yenu inapoishia. Jora linafunguliwa, kitambaa kinatandazwa mezani tabaka juu ya tabaka, patani zinalazwa, kisu kinapita. Katika matabaka hayo jicho linaona la juu tu. Tundu lililo tabaka la ishirini litaonekana mbele ya cherehani, na likiponea hapo litaonekana shati likiwa limeshatiwa vifungo na kupigwa pasi. Kwa hiyo tunategemea macho yenu kuliko mnavyofikiri.

Niseme mapema tusichodai. Hatudai kitambaa kisicho na dosari hata moja. Uzi hukatika, sindano huvunjika, mafuta hudondoka, na kila aliyewahi kusimama karibu na kinu cha kufuma analijua hilo. Tunachodai ni hesabu iliyotumika kuliita jora fulani daraja la kwanza na jingine la pili, tuione kwa macho yetu, jora kwa jora.

Mkataba wetu unataja mfumo wa pointi nne, ule ulioandikwa katika kiwango cha ASTM D5430, cha shirika la viwango lililoanzia Marekani. Kwa msomaji asiyeufahamu, hauna ugumu wowote. Kasoro isiyozidi inchi 3 inapewa pointi 1. Ikizidi 3 hadi 6, pointi 2. Ikizidi 6 hadi 9, pointi 3. Zaidi ya inchi 9, pointi 4. Tundu lisilozidi inchi 1 lina pointi 2, likizidi hapo lina 4. Yadi moja haipewi zaidi ya pointi 4, hata iwe na kasoro kumi. Kisha jumla ya pointi inazidishwa kwa 3600 na kugawanywa kwa upana wa kitambaa kwa inchi mara urefu wake kwa yadi. Unapata pointi kwa kila yadi 100 za mraba. Mpaka unaotumika sana, na ndio ulio kwenye mkataba wetu kwa kila jora, ni 40. Mwanafunzi mwenye kikokotoo anaimaliza hesabu hii kwa dakika moja, kwa hiyo sioni kwa nini iwe siri.

Haya ndiyo yanayotusumbua.

1. Wastani wa mzigo unaficha majora mabovu.

Mara moja tu, baada ya kusumbua sana, tulipewa namba: mzigo ulikuwa na wastani ulio chini kabisa ya mpaka. Hatukatai. Lakini hebu chukueni mfano wa majora kumi, kila moja yadi 100 kwa upana wa inchi 60. Tisa yana pointi 15 kila moja, yaani 9 kwa yadi 100 za mraba. La kumi lina pointi 110, yaani 66. Wastani wa mzigo ni 14.7. Kwenye ripoti huo ni mzigo wa kupigiwa mfano. Kwenye meza yangu kuna jora ambalo halikupaswa hata kutoka getini, nalo limebeba muhuri sawa na wenzake.

Ndiyo maana wanunuzi wengi huweka mipaka miwili, mmoja wa kila jora na mmoja wa mzigo mzima, na ule wa mzigo huwa mkali zaidi. Mkataba wetu una yote miwili. Ninyi mnajibu kwa mmoja.

2. Kasoro inayotambaa inahesabiwa mara moja.

Uzi mmoja wa mtande, yaani wa urefu wa kitambaa, ukikosekana, au sindano moja ya mashine ya kuniti, inayofuma kwa vitanzi, ikiwa na hitilafu, unapata mstari unaokimbia na kitambaa kutoka mwanzo wa jora hadi mwisho. Kwa mfumo wa pointi nne, mstari huo unachukua pointi 4 katika kila yadi unayoipita. Jora la yadi 100 na inchi 60 lenye mstari wa namna hiyo lina pointi 400, yaani 240 kwa yadi 100 za mraba. Ni jora la kurudishwa bila mjadala.

Mkaguzi wenu, kwenye karatasi pekee tuliyowahi kuiona, aliandika "mstari wa mtande, pointi 4" akaendelea na mengine. Ukihesabu hivyo jora linatoka na 2.4. Sitaki kuamini kwamba hajui. Nadhani ameelekezwa, na kama ameelekezwa, basi barua hii haimhusu yeye.

3. Upana na urefu wa kwenye lebo si ule wa mezani.

Wengine wataona hili ni suala la vipimo, halina uhusiano na daraja. Linao. Upana na urefu viko chini ya mstari katika ile hesabu, na ukivikuza, pointi zinapungua zenyewe.

Jora lina pointi 66. Lebo inasema inchi 60 na yadi 100: linapata 39.6, limepita. Lipimeni upya. Ukingo una matundu ya pini za mashine ya kukaushia na sehemu iliyokakamaa isiyokatika patani, hivyo upana unaotumika ni inchi 57: sasa ni 41.7, limeanguka. Pimeni na urefu, mkute yadi 97: ni karibu 43. Kitambaa ni kile kile na kasoro ni zile zile, kilichobadilika ni lebo. Na zile yadi tatu tumezilipia.

4. Pointi bila mahali hazinisaidii kukata.

Hapa naomba subira yenu kidogo, maana ndipo fedha nyingi zinapopotelea, na hata mfumo wenyewe una udhaifu.

Chukueni majora mawili yenye pointi 20 kila moja. La kwanza lina kasoro tano za inchi kumi kila moja. La pili lina kasoro ishirini ndogo, kila moja chini ya inchi 3, zimetawanyika huku na kule. Karatasi inasema ni sawa. Kisu kinasema vingine kabisa. Jora la kwanza litaniharibia vipande vitano, pengine saba. La pili linaweza kuniharibia hadi vipande ishirini, kwa sababu doa la inchi moja katikati ya kifua cha shati linaua kipande kizima sawa na doa la inchi kumi. Halafu kuna kasoro ambayo haidhuru kabisa: iko inchi mbili kutoka ukingoni, mahali ambapo baina ya patani na patani kuna masalia ya kutupwa. Yote haya mfumo unayapima kwa kijiko kimoja.

Silaumu mfumo. Ulitengenezwa kulipatia jora namba, haukutengenezwa kumwongoza mkataji. Lakini mkaguzi wenu anapoona kasoro, mashine mbele yake ina kihesabu urefu, na kwenye meza yake kuna rula. Kuandika "mita 34, sentimita 60 kutoka ukingo wa kushoto, doa la mafuta" hakumchukui sekunde kumi. Akifunga na kipande cha uzi mwekundu ukingoni usawa wa kasoro, sisi wakati wa kutandaza tunauona uzi, tunasimama, tunakata na kuanza upya au tunaisogeza patani. Kasoro iliyojulikana inatupotezea sentimita kadhaa za kitambaa, na isiyojulikana inatupotezea shati zima, pamoja na uzi, vifungo na jasho la mshonaji.

Nikiambiwa nichague ombi moja tu katika barua hii, ningechagua hili.

5. Kasi na mwanga wa ukaguzi.

Tulipotembelea kiwanda chenu kwa idhini yenu, tulisimama nyuma ya mashine ya kukagulia. Kitambaa kilikuwa kinapita mbele ya mkaguzi kwa mwendo wa kukadiria mita 40 kwa dakika. Uso wa kutazamia ulikuwa na urefu wa kama mita moja na nusu. Maana yake kila sehemu ya kitambaa ilikuwa mbele ya macho yake kwa sekunde mbili na ushei, na katika muda huo anatakiwa atazame upana wote, kushoto hadi kulia, atambue, apime, aandike. Kwa mita 15 kwa dakika angepata sekunde sita. Viwanda vingi vinavyojali hukagua kati ya mita 15 na 20 kwa dakika, na kitambaa cheusi au chenye maua mengi huenda taratibu zaidi.

Taa mbili kati ya zile za juu zilikuwa zimekufa. Kazi hii inahitaji mwanga wa luksi 1000 na zaidi juu ya kitambaa, na taa ya nyuma kwa ajili ya matundu na nyuzi zilizoachana. Kubadilisha taa hakuhitaji kikao cha bodi.

6. Rangi.

Malalamiko ya wateja wetu yakikusanywa, zaidi ya nusu ni ya rangi, na karibu yote yana sura moja: mkono wa kushoto wa shati haufanani na wa kulia, au suruali haifanani na koti lake. Mshonaji hakukosea. Vipande vyote vilitoka kwenye majora yenye namba moja ya rangi na lebo moja.

Kuna mambo matatu yamechanganyika humu. La kwanza ni tofauti kati ya jora na jora, ambayo hutokea kila mara mapipa ya kutilia rangi yanapokuwa tofauti. Hiyo tunaivumilia, alimradi majora yametengwa na kuandikwa kundi A, kundi B, kundi C, tukajua tusiyachanganye kwenye meza moja. Ninyi mnayachanganya kwenye lori moja bila alama.

La pili ni tofauti ndani ya jora lile lile. Roli za kukamulia rangi zikibana zaidi upande mmoja, upande huo unabaki na rangi kidogo, na kitambaa kinatoka kikiwa kimefifia ukingo mmoja. Ukikiangalia kinavyopita kwenye mashine huoni kitu, kwa sababu rangi inabadilika polepole na jicho linaizoea. Njia ya kuikamata inajulikana na haina gharama. Kata ukanda wa upana mzima, ugawe vipande vitatu, kushoto, katikati na kulia, kisha ushone ukingo wa kushoto ukigusana na wa kulia. Tulifanya hivyo kwa jora lenu la bluu iliyokoza. Pale penye mshono palionekana kama vitambaa viwili, na kipande hicho mlishatumiwa.

La tatu ni mwanga. Rangi mbili zinaweza kulingana chini ya taa ya kiwandani na kuachana juani, hasa zikiwa zimechanganywa kwa dawa tofauti. Ndiyo sababu kuna kabati la mwanga lenye taa D65 inayoiga mwanga wa mchana, TL84 inayoiga taa za madukani, na taa A inayoiga balbu ya zamani ya umeme. Mkataba unasema rangi ikubaliwe chini ya D65 na TL84, na isipungue 4 kwenye kipimo cha kijivu cha ISO 105-A02, cha shirika la kimataifa la viwango, ambacho kinakwenda kutoka 1, tofauti kubwa, hadi 5, hakuna tofauti. Barua yenu ya mwisho ilisema rangi "imethibitishwa kwa macho". Kwa macho ya nani, chini ya taa gani, na ikapata ngapi?

Sijagusa kuchuja. Kitambaa chekundu kinachochuja kwenye kola nyeupe kinahitaji barua yake.

7. Uzito na kunywea.

Kisu cha duara cha kupimia uzito kinakata kipande cha sentimita 100 za mraba. Unakiweka kwenye mizani, unazidisha gramu kwa 100, unapata gramu kwa mita ya mraba. Tuliagiza 180. Vipande vyetu vilisoma gramu 1.62, yaani 162, upungufu wa asilimia 10, wakati mkataba unaruhusu 5. Mkajibu kwamba kwenu vilisoma 176. Inawezekana kabisa, maana pamba hunywa unyevu wa hewa. Ndiyo maana kipimo halali kinafanywa kitambaa kikiwa kimepumzishwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 65, kama ISO 139 inavyotaka. Tuambieni mlipima wapi, tutakubali kulinganisha.

Na msidhani uzito ukizidi tunafurahi. Kitambaa cha kuniti tunakinunua kwa kilo. Kilo moja ya gramu 180 ina mita za mraba 5.56, na kilo moja ya gramu 195 ina 5.13. Jora likiwa zito kuliko agizo, fulana zinapungua.

Kuhusu kunywea nitasema kidogo. Kitambaa kilichovutwa ili kiongezeke urefu kabla ya kuviringwa kitarudi kwenye beseni la kwanza la mteja, na kilichokaushwa kikiwa kimepinda, mshono wa ubavuni wa fulana utahamia tumboni. Kipimo cha kufua kifanyike kwenu, matokeo yaje na mzigo.

8. Mkaguzi anaripoti kwa anayekaguliwa.

Mkaguzi wenu yuko chini ya Meneja Uzalishaji, na Meneja Uzalishaji anapimwa kwa mita zinazotoka. Hakuna haja ya kumshuku mtu yeyote kuona tatizo liko wapi. Pia yale majora machache yanayofunguliwa kwa niaba yetu, asilimia 10 ya mzigo, yanachaguliwa na watu wa ghala lenu. Tunaomba tuyachague sisi, kwa namba, kutoka kwenye orodha ya ufungashaji.

9. "Kitambaa kikishakatwa, hakuna madai."

Maneno haya yako nyuma ya ankara zenu. Kwa tundu na doa ni sawa, tulipaswa kuona kabla. Lakini tofauti ya rangi kati ya kushoto na kulia, kunywea, kupinda kwa mishono, nyuzi za plastiki zilizochanganyika na pamba zisizoshika rangi, haya yanaonekana baada ya kukata, kushona au kufua. Sharti linalomzuia mtu kudai kabla kasoro haijaweza kuonekana linawalinda ninyi peke yenu.

Tunajua majibu yatakayokuja, kwa sababu tumeshayapokea.

Mtasema pamba ni kitu cha asili na vinundu havikosekani. Kweli, na kuna vitambaa ambavyo uzi wake hufanywa mnene na mwembamba kwa makusudi, vikapendeza. Kikiwa hivyo, kubalianeni na mnunuzi kwa sampuli iliyotiwa saini, vinundu hivyo visihesabiwe. Asili ya pamba haielezi doa la grisi.

Mtasema kiwanda chenu kinatumia mfumo wa pointi kumi. Ni mfumo halali, ulitokea Marekani mwaka 1955, na una kanuni zake: kasoro za mtande na za mshindio, yaani nyuzi za upana, zina jedwali tofauti, na jora ni la kwanza kama jumla ya pointi haizidi idadi ya yadi. Basi semeni hivyo kwenye mkataba. Daraja la kwanza la mfumo mmoja si lazima liwe la kwanza la mwingine, na huwezi kukagua kwa huu ukauza kwa jina la ule.

Mtasema mmetumia AQL 2.5, yaani kiwango cha ubora kinachokubalika. Hiyo ni njia ya kuchagua sampuli na kuamua mzigo upokelewe au ukataliwe, katika ISO 2859-1, na hutumika zaidi kwa nguo zilizokwisha kushonwa, zinazohesabika moja moja. Si ruhusa ya kuweka kasoro kwenye asilimia 2.5 ya kila jora, kama mmoja wa maofisa wenu alivyotueleza kwenye simu kwa utulivu mkubwa.

Mtasema kamera za kukagua ziko njiani. Karibuni nazo. Kamera haichoki wala haisinzii baada ya chakula cha mchana, na inaandika mahali pa kila kasoro bila kukumbushwa. Lakini anayeiambia kipi ni kasoro na kipi si kasoro ni mtu, na akiiambia ihesabu mstari wa mtande mara moja, itahesabu mara moja.

Na mtasema bei tunayolipa hainunui ukaguzi wa namna hii. Hapa tuko tayari kukaa mezani. Tuuzieni daraja la pili kwa bei ya daraja la pili, likiwa na karatasi inayosema ni la pili, tutalinunua. Kuna nguo za kazi, mifuko, bitana, vitu vingi vinavyoshonwa vizuri kwa kitambaa hicho. Kinachotuumiza ni kulipa bei ya kwanza kwa kitu cha pili, halafu kukipanga kazi ya kwanza.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, kwa maandishi:

Kila jora lije na karatasi yake: namba ya jora, urefu na upana uliopimwa, upana unaotumika, kila kasoro na mahali pake, jumla ya pointi na pointi kwa yadi 100 za mraba. Kasoro zifungwe uzi ukingoni. Majora yapangwe kwa makundi ya rangi, na mzigo uje na kitambaa cha kulinganishia, yaani vipande kutoka kila jora vilivyoshonwa pamoja, tukione kabla ya kupakua. Matokeo ya uzito, kunywea na kuchuja yaambatishwe. Majora yanayovuka mpaka wa jora moja yasipakiwe hata kama wastani wa mzigo ni mzuri. Na lile sharti la nyuma ya ankara lirekebishwe, litenganishe kasoro zinazoonekana kabla ya kukata na zile zisizoonekana.

Suala la mkaguzi kuwa chini ya nani ni la ndani kwenu, hatuwezi kuwapangia. Tunalitaja kwa sababu mengine yote yanategemea kama mtu huyo anaweza kuandika 43 na kubaki kazini.

Kuanzia agizo lijalo, upande wetu tutafanya hivi. Tutafungua majora tutakayoyachagua siku ya kupokea, mbele ya mwakilishi wenu, kwenye mashine yetu yenye mwendo wa mita 15 kwa dakika. Hesabu itafanywa hapo hapo na pande mbili zitatia saini. Jora lililovuka mpaka litarudi na lori lililolileta. Malipo yatafuata upana na urefu uliopimwa, si ulioandikwa. Kama mwakilishi wenu hatafika, tutakagua bila yeye na kuwatumia karatasi pamoja na picha.

Tunasubiri jibu la Mkuu wa Idara ya Ubora kabla hatujathibitisha agizo hilo. Akitaka tuanze na jora moja tu la majaribio, tukalikagua pamoja, yeye kwa mkaguzi wake na sisi kwa wetu, kisha tukalinganisha karatasi, tuko tayari wiki yoyote atakayoitaja.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa chumba cha kukatia,
kwa niaba ya wakataji na washonaji

Nakala:
Idara ya manunuzi
Washonaji wenzetu wanaonunua kwenye kiwanda hicho